Maiti Iliyotazama Pembe

Hassani alikuwa amelala vizuri mno kwa mutu aliyeuawa.

Hilo ndilo lilimusimamisha Ombasha Alimasi, askari wa Wadachi, mulangoni, jua ndiyo kwanza linatoka, buti zake bado zina umande wa njia ya Rumonge. Wafu alikuwa ameona wa kutosha. Mutu akipigwa kisogoni na kitu kizito anaanguka kama gunia: mukono huku, muguu kule, mudomo wazi. Huyu hapana. Huyu alilala sakafuni kwa ubavu wa kuume, miguu imenyooshwa, macho yamefungwa. Kidevu kilikazwa na kitambaa cheupe kilichopita juu ya kichwa na kufungwa fundo. Hata damu ilikuwa imepanguswa.

"Nani alimugusa?" akauliza.

"Hakuna mutu, Ombasha." Aliyejibu ni Asmani, mupishi wa hoteli, mudomo wake haujui siku ya mapumziko. "Jana magharibi Wazungu walikuwa chini kwenyi maji, wanatafuta viboko. Nikamuletea Hassani chai. Nafungua mulango, namukuta hivi hivi. Chai nikakunywa miye, isipotee bure."

"Ulikunywa chai ya marehemu."

"Ilikuwa na sukari, Ombasha."

Mwanamuke akapita ukumbini na karai la mashuka kichwani. Asmani akamuonyesha kwa mukono apitie nje. "Ni Bubu, mufua nguo. Huyo ukimuuliza utazeeka. Toka afike hapa, miaka miwili, hajatoa hata kikohozi."

Alimasi hakumuangalia sana. Alikuwa anaangalia nyumba.

Nyumba ile watu wa Rumonge hawakupenda kuisema mbele ya askari. Alimasi alikuwa ameletwa kutoka Ujiji mwaka wa tatu huu, na alichojua ni kile kila mutu alijua. Nyumba ya mawe, mwendo wa saa moja kusini ya Rumonge kwenye njia ya Kigwena, ilikuwa zawiya ya Shehe Amissi. Watu walikuja kusoma, kupiga zikiri, kulala, kula bure. Miaka mitano nyuma Wadachi wakakuta ndani yake barua inayosema serikali isitiiwe tena. Shehe akapelekwa Usumbura na munyororo shingoni, akanyongwa. Nyumba ikatwaliwa. Mugiriki mumoja akaikodi, akaigeuza hoteli ya Wazungu wanaoshuka na meli kuja kuwinda, akamuweka Hassani musimamizi. Hassani huyo huyo aliyekuwa mwanafunzi wa Shehe. Birika la kutawadhia likawa la kupozea bia. Chumba cha ndani cha kusalia kikawa ofisi ya Hassani, na kwenye mihrabu, pale Shehe alipokuwa anasimama, zikapangwa chupa za konyaki.

Alimasi akachuchumaa nyuma ya maiti, akafuata yale macho yaliyofungwa yalikoelekea.

Hayakuelekea mihrabu. Yalielekea pembe ya kushoto, ambako hapakuwa na kitu ila ufagio.

Akasimama wima mbele ya mihrabu kama mutu anayetaka kusali. Kando ya mihrabu kulikuwa na dirisha, na jua likamupiga machoni moja kwa moja. Akakunja uso. Kila Ijumaa alisali musikiti wa Rumonge, na alfajiri nyingi alikaa pale mpaka jua linatoka. Kule jua lilikuwa linamushika shavu la kuume. Kila siku shavu la kuume, si machoni.

Akajigeuza polepole kushoto, mpaka akatazamana na ufagio. Shavu la kuume likapata moto.

"Hii mihrabu imepinda," akasema.

"Imepinda wapi? Miye miaka miwili nasali nyumba hii, naelekea hapo hapo. Chupa ndiyo zinanisumbua, ukuta hapana."

"Nani hapa anajua imepinda?"

"Sasa hivi? Weye na miye. Na weye ndiyo umeniharibia sala za miaka miwili."

Alimasi hakucheka. Mwizi hamulazi mutu kibla. Mupagazi wa milimani asiyesali hamufungi mutu kidevu. Aliyeua ni Mwislamu, amemaliza kazi yake, kisha amemupa maiti haki yake. Lakini Mwislamu yeyote akiwa ndani ya chumba hiki, giza linaingia, mihrabu iko mbele ya macho yake, angemulaza maiti aitazame mihrabu. Huyu aliipita. Aliipita kwa sababu alifundishwa kuipita, na mafundisho hayo aliyapata ndani ya nyumba hii, kabla ya konyaki.

Akatoka barazani. Luteni wa Wadachi, mugeni wa hoteli tangu siku tatu, alikuwa anapaka bunduki yake mafuta.

"Ombasha, nini unatafuta? Muuaji iko kule ghala. Mutwangio yake, ugomvi yake, damu juu ya mutwangio. Kesho saa mbili watu wote ya muji wakuje waone. Saa ine miye napanda meli."

"Bwana Luteni, nipe mpaka hiyo kesho."

"Iko nayo mpaka kesho," Luteni akasema. "Kamba pia iko tayari."

Ghalani kulikuwa na harufu ya mawese mpaka unaisikia kwenye meno. Abasi, mutu wa kukamua mawese, alikaa chini amefungwa mikono nyuma, bonge la mutu, kucha zake nyekundu kwa mafuta ya ngazi za michikichi. Alimasi akaweka mutwangio mbele yake. Muti muzito, urefu wa mutu, mwisho wake mwekundu, na ndani ya wekundu wa mafuta kuna wekundu mwingine.

"Ni wako?"

"Ni wangu. Unakaa nje kando ya kinu kila siku ya Mungu. Hata mbuzi anaweza kuubeba."

"Mbuzi hakumupiga Hassani."

"Na miye sikumupiga."

"Ulisema mbele ya watu utamuangusha."

"Nilisema. Alikata michikichi yangu kumi na miwili yenye kuzaa, eti Wazungu waone ziwa wakikunywa bia. Weye ungemwambia nini, murakoze, asante sana?"

"Jana magharibi ulikuwa wapi?"

"Nachemsha mafuta. Pekee yangu. Nikasali pale pale kwenyi moto."

"Wakati wa Shehe ulikuwa unasali ndani?"

"Ndani? Ndani ni watu wa nyumba tu. Sisi wote wengine barazani."

"Watu wa nyumba ni nani na nani?"

Abasi akafikiri. "Shehe. Hassani. Na muke wa Shehe nyuma ya pazia, alikuwa anatawishwa. Hakuna mwanaume aliyemujua uso, hata Hassani aliyesoma pale miaka sita. Siku ya kufukuzwa walimupakia mutumbwi wa kwenda Ujiji, amefunikwa kama muzigo wa chumvi."

Alimasi akauliza swali ambalo hakuwa amekuja nalo.

"Hilo shamba la michikichi nani alikupa?"

Abasi akainamisha kichwa.

"Nakuuliza, ndugu."

"Hassani."

"Kabla ya Shehe kufungwa ao baada?"

"Baada."

"Miti mingapi?"

"Arobaini."

"Mutu hampi mwenzake miti arobaini kwa kumupenda macho."

Abasi akautazama mutwangio, kisha akageukia ukuta.

*

Muchana joto likaanza kumusema Hassani, Luteni akaziba pua na kukubali azikwe. Alimasi akamuita Asmani.

"Utasalisha weye. Na mutamusalia mule mule ndani."

"Ndani, Ombasha? Na chupa?"

"Toa chupa. Meza pia. Waite watu wote wa kazi, wanaume kwa wanawake."

Saa kumi wakapanga mistari miwili mbele ya mihrabu: wapagazi, mutunza bustani, wavuvi wanne wa Gatete waliokuwa wameleta samaki wa mukeke kwa ajili ya wageni. Jeneza likalazwa mbele. Nyuma, peke yao, wakasimama wanawake wawili, muke wa Asmani na Bubu. Alimasi akasema nguo zake zina damu, hawezi kusali, akaegemea dirisha. Kutoka pale aliona miguu ya kila mutu.

Asmani akapiga takbira. Watu wote vidole vilielekea mihrabu, kama mikuki kwenye ghala. Hata Asmani mwenyewe, pamoja na habari zote alizosikia asubuhi, mazoea yalimushinda akasimama palepale pa siku zote.

Miguu ya Bubu peke yake haikufuata. Alikuwa amesimama ubavu-ubavu, amemupa muke wa Asmani bega, ametazama pembe ya ufagio. Hakuyumba. Midomo yake ilikuwa inatembea, haraka, bila sauti, kama ya mutu anayejua kila neno linakoenda.

Alimasi akangoja wamuzike Hassani kwanza. Kisha akateremka kwenye mawe ya kufulia, pale kijito kinapoingia ziwani. Bubu alikuwa amepiga magoti anapiga shuka kwenye jiwe.

"Mama," akasema Alimasi, akakaa juu ya jiwe lingine. "Mihrabu ile ilipindaje?"

Shuka ikapiga jiwe. Ikapiga tena.

"Kama hutaki kusema, nitasema miye. Shehe Amissi alikuwa na mwanafunzi mumoja wa ndani, na muke mumoja nyuma ya pazia. Mwanafunzi tumemuzika sasa hivi."

Mwanamuke akakamua shuka mpaka tone la mwisho. Halafu akasema, sauti kavu kama mulango uliofungwa siku nyingi.

"Fundi aliijenga Shehe akiwa safarini. Alikuwa muzee, macho yanamuisha, na alijenga bure, kwa thawabu. Shehe aliporudi akaona imepinda. Hakutaka kumuaibisha muzee wa watu. Akatuambia sisi wa ndani, muelekee pembe, na mufunge midomo. Basi tukafunga."

"Jina lako?"

"Aziza. Muke wa Shehe Amissi. Mujane, useme vizuri."

"Miaka miwili unafua mashuka ya Hassani, na hakukujua."

"Angenijuaje? Uso wangu hakuuona hata siku moja. Sauti ndiyo aliijua. Kila asubuhi shikamoo mama, nyuma ya pazia, na miye namujibu, namupa na chakula. Basi sauti nikaiacha Ujiji."

"Kwa nini ulingoja miaka miwili? Ulikuwa unampelekea maji chumbani kila siku."

"Nilitaka kwanza azoee raha." Akafungua shuka nyingine. "Mutu mwenye shida ukimuua hapotezi kitu. Nikangoja anenepe. Nikangoja aanze kutembea ukumbini anaimba. Jana alikuwa anaimba. Nikamuita kwa jina, nikamwambia: Hassani, ile barua uliiandika kwa kalamu ya nani? Akaijua sauti. Nimeona uso wake akiijua, Ombasha, na hicho ndicho nilichofuata toka Ujiji. Mengine yote ni kazi ya mutwangio."

"Halafu ukamulaza kibla."

"Kumuua ni kwa ajili yangu. Kumulaza ni haki ya Mungu. Sikutaka Hassani afike kule akiwa na kitu cha kunidai."

"Na leo umemuombea."

"Hassani?" Akatema mate majini, upande wa chini ya mashuka yake. "Mume wangu walimufukia Usumbura kama mbwa, hakuna hata mutu mumoja aliyemusalia. Leo nimeona mistari imepangwa, takbira imepigwa. Nimemusalia yeye. Sasa nitamusalia Shehe Amissi nikitazama ukuta wa uongo?"

Alimasi akaokota kijiwe, akakigeuza mukononi. "Mawe yote haya. Jiwe lolote lingetosha. Kwa nini ukapanda mpaka kwenye kinu cha Abasi kutafuta mutwangio?"

Kwa mara ya kwanza mwanamuke akamutazama usoni.

"Umechelewa kuuliza hiyo. Serikali ya Wadachi haikumunyonga mume wangu kwa barua tu. Walitaka mashahidi wawili. Wa kwanza nimemupiga miye. Wa pili nimewaachia ninyi. Mulitumia kamba kumuondoa mume wangu. Mutumie kamba kumuondoa na huyu."

Basi miti arobaini ikapata maelezo yake.

"Abasi hakumuua Hassani," Alimasi akasema. "Siwezi kumuacha anyongwe kwa kosa ambalo si lake."

"Mume wangu alinyongwa kwa lipi?"

Alimasi akakitupa kile kijiwe majini. "Naweza kukupeleka kwa Luteni sasa hivi."

"Nipeleke. Nitakuwa bubu. Weye umwambie Mudachi kwamba mwanamuke amesimama ubavu-ubavu. Mwambie maiti ilitazama ufagio. Uone kama hajakupiga fimbo hamsa ishirini."

Na hapo alisema kweli. Kwa Luteni, pembe ni pembe, na mutwangio ni mutwangio.

"Unataka nini?" Alimasi akauliza.

"Aseme. Mbele ya watu wale wale waliomuona mume wangu akipita na munyororo. Aseme alichouza na bei aliyopata. Akisema yeye, na miye nitasema. Asiposema, anyongwe, na mashuka yangu yatakauka vizuri kabisa."

Alimasi hakumufunga. Mutu aliyengoja miaka mitano hakimbii usiku mumoja kabla.

Akarudi ghalani. Abasi alikuwa bado ametazama ukuta.

"Najua muuaji," Alimasi akamwambia. "Hautamujua mpaka umesema kitu kimoja. Kesho Luteni atakuuliza kama uko na neno la mwisho. Sema ulichomufanyia Shehe Amissi. Ukisema, utaishi. Ukinyamaza, hakuna mutu atakuja kukuokoa, hata miye."

Abasi akageuka kutoka ukutani.

"Nikisema, Ombasha, nitaishi wapi?"

"Hiyo kesi sikupewa," akajibu Alimasi, akafunga mulango.

*

Saa mbili asubuhi watu wa Rumonge walikuwa wamejaa uwanjani mwa hoteli, wameitwa na ngoma ya serikali: wavuvi, wachuuzi wa chumvi, watu wa milimani na fimbo zao, wanawake wa Kiswahili wamejifunika. Kamba ilining'inia kwenye boriti la baraza, juu ya sakafu ambayo wengi wao walikuwa wakisalia Ijumaa. Hakuna aliyesema hivyo, lakini hakuna aliyeikanyaga na viatu, ila askari na Luteni.

Wakamupandisha Abasi juu ya kasha la bia. Askari akamuvika kitanzi.

"Iko na maneno?" Luteni akauliza.

Abasi akatazama watu. Muke wake alikuwa mbele, analia, amemushika mama yake Abasi mukono. Abasi akawaangalia hao wawili.

"Sina," akasema.

Alimasi alikuwa kando ya nguzo. Hakusogea. Huko jikoni, nyuma ya mulango uliofunguliwa nusu, Bubu alikuwa anakunja shuka, ncha kwa ncha, na yeye hakusogea.

Luteni akainua mukono. Askari akaweka muguu kwenye kasha.

"Ngoja," Abasi akasema. "Ngoja, bwana."

Muguu ukarudi chini.

"Shehe Amissi hakusoma barua yoyote." Alisema haraka, kama mutu anatapika. "Sikumuona hata siku moja na barua. Hassani ndiye aliiandika, akaiweka chini ya mukeka wa Shehe. Akaniambia bomani wanataka mashahidi wawili. Akaniambia nikiapa kwamba Shehe alitusomea ile barua, nitapata shamba la michikichi. Nikaapa. Nilishika Msahafu nikaapa. Nikala shamba miaka mitano."

Mawimbi yakasikika kule chini. Muke wa Abasi akaacha kulia. Mama yake Abasi akautoa mukono wake taratibu kwenye mukono wa mukaza mwana wake, akajifunika uso na nguo, akaanza kupenya katikati ya watu kwenda nyuma. Hakugeuka.

Hapo mulango wa jikoni ukafunguka wote. Bubu akatoka, shuka ikiwa begani, akapanda barazani miguu mitupu.

"Nilimuua miye Hassani," akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa watu wa nyuma. "Miye Aziza, mujane wa Shehe Amissi."

Nyuma yake sinia likaanguka jikoni, na sauti ya Asmani ikasikika ikisema, "Na siri zangu zote nilizomwambia."

Luteni akamutazama Alimasi. "Huyu? Huyu hana ulimi."

"Ulimi iko, bwana," akajibu mwanamuke mwenyewe, na akamutupia ile shuka miguuni. "Hii ni ya kitanda chako. Pima urefu. Kitambaa cha kidevu cha Hassani nilikipasua hapa. Umelalia juzi na jana, na hukujua imepungua."

Alimasi akatoa mufukoni kile kitambaa, alichokuwa amekiomba kwa waosha maiti, akakilaza kwenye ukingo wa shuka. Uzi ukaonana na uzi. Mahali ilipopasuka kwa pupa ilipindia kushoto, na kitambaa nacho.

Luteni alikuwa mwekundu shingoni. Akatazama saa yake, akatazama ziwa, ambako moshi wa meli ulikuwa umeanza kuonekana.

"Na hii habari ya barua, ya zamani," akasema, "imekwisha. Serikali haifungui tena. Mwanamuke anakwenda na miye Usumbura. Huyu mutu, toa kamba."

Wakamufunga Bi Aziza mikono mbele. Wanawake wa Kiswahili wakajisogeza karibu na njia yake, na mumoja akamuvika kitambaa kichwani, kwa sababu alikuwa ametoka jikoni kichwa wazi, mutu ambaye, wakati wa Shehe, uso wake ulikuwa haujawahi kuonekana na wanaume wa muji huu. Alipofika mbele ya Abasi akasimama.

Abasi alikuwa ameshuka kwenye kasha, alama ya kitanzi shingoni. "Mama," akasema, "unisamehe."

"Hapana," Bi Aziza akamujibu bila hasira yoyote. "Nenda ukaishi."

Akateremka kwenda kwenye meli, askari wawili nyuma yake, na watu wakamupisha.

Abasi naye akataka kupita. Akaelekea kwa wavuvi, wakakazana bega kwa bega. Akageukia wachuuzi, nao vilevile. Alimuita muke wake. Muke alikuwa ametazama chini. Akarudi mpaka kwenye nguzo, palipokuwa na Alimasi, na sauti yake ikawa ndogo.

"Ombasha. Nipeleke na miye Usumbura. Miye mushahidi wa uongo. Iko kosa hiyo. Nifunge."

Alimasi alikuwa anaviringisha kamba.

"Umemusikia Luteni. Serikali haikudai kitu," akasema. "Nenda nyumbani."